Kikokotoo cha Yaya

Idara ya Ujira Stahiki ilikuwa na furaha kuutangazia umma kwamba zama za kubahatisha zimekwisha. Kuanzia sasa ingejulikana kisayansi, bila huruma wala upendeleo, ni kiasi gani hasa anastahili kulipwa mtu anayeshinda nyumbani na mtoto wa mwenzake. Tangazo lilibandikwa Jumatatu saa tatu asubuhi kwenye ubao wa ghorofa ya nne, juu kidogo ya tangazo la kuharibika kwa lifti, ambalo lilikuwa pale tangu mwaka juzi na halikuwa na haraka ya kuondoka.

Umma haukulisoma, kwa sababu ya ngazi. Lakini watumishi walilisoma wakatikisa vichwa kwa heshima, maana saini iliyokuwa chini yake ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa Mkurugenzi alikuwa amepanga ujira wa watu asiowajua: wafagiaji, wapishi wa hospitali, walinzi wa maghala, wabeba mizigo. Alikuwa hodari. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuridhika, na hiyo, alipenda kusema, ndiyo dalili ya haki.

Chanzo cha neema hii kilikuwa jikoni kwake, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkewe, mkunga katika hospitali kuu, alikuwa akifunga kamba za viatu vyake vyeupe, mguu mmoja juu ya kiti.

"Baba Tufani, dada kaomba nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Elfu ishirini. Anapata themanini, anaomba laki. Kodi ya chumba chake imepanda. Asipopata mwisho wa mwezi huu anaondoka, kuna watu mtaa wa juu wanamtaka."

"Nimekusikia."

"Sitaki unisikie. Nataka useme ndiyo au hapana."

Katika nyumba ile chakula, umeme na maji vilikuwa juu ya mama. Mshahara wa yaya ulikuwa juu ya baba, kwa kuwa ndiye mtaalamu wa mishahara. Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwa miaka kumi na tisa ulimi wa Mkurugenzi haukuwahi kutamka tarakimu ambayo haikupitia kwenye kamati. Alifungua mdomo kusema ndiyo, haikutoka. Akajaribu hapana, nayo ikakwama.

"Suala hili linahitaji mchakato," alisema.

"Mchakato wa nini? Ni elfu ishirini."

"Leo ishirini, kesho je? Nikiamua kiholela ndani ya nyumba yangu mimi mwenyewe, watu wataniangaliaje?"

"Watu gani? Humu jikoni tupo mimi, wewe na sufuria."

Akachukua mkoba wake akaenda kuzalisha. Mkurugenzi alibaki na sufuria, akijihisi hajaeleweka.

Lazima ielezwe hapa kwamba Tufani lilikuwa jina la utani la mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu, na hakupewa kwa mapenzi. Walipita mayaya watatu, na yule wa tatu aliondoka saa nane mchana ya siku aliyofika, kwa mlango wa nyuma, akaacha kiatu kimoja ambacho hakurudi kukifuata. Ndipo akaja huyu wa sasa, ambaye nyumba nzima ilimwita dada ingawa kwa umri alikuwa sawa na mama zao wadogo. Alikuwa amelea wanne wa kwake. Ndani ya wiki moja nyumba ikatulia kama maji mtungini. Mkurugenzi, ambaye aliondoka asubuhi mtoto akinywa uji na kurudi jioni mtoto ameshaoga, alifikia hitimisho la kitaalamu: mtoto alikuwa mtulivu kwa asili, na utulivu huo ameurithi upande wa baba.

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi. Wajumbe walikuwa wawili: Mchumi wa Idara, mwenye digrii mbili na tai moja, na Mwanasheria wa Idara, aliyekuwa na mazoea ya kufumba macho anaposikiliza, na pia asiposikiliza. Kila mjumbe angelipwa posho ya elfu sitini kwa kila kikao, pamoja na chai na keki. Kuna watu wenye roho mbaya waliopiga hesabu wakaona kwamba posho ya kiti kimoja kwa asubuhi moja ni nyongeza ya dada ya miezi mitatu. Watu wa namna hiyo hawakosekani, na ndiyo maana hawaalikwi.

"Tuanze na msingi," Mkurugenzi alisema kikao kilipofunguliwa. "Kumwangalia mtoto ni kufanya nini?"

Mchumi akafungua kompyuta yake. "Mheshimiwa, kiuchumi, kuangalia ni kutumia macho. Na macho hata yasipolipwa yanaangalia."

"Yanaangalia tu," Mwanasheria aliunga mkono, ya kwake yakiwa yamefumbwa.

"Kwa hiyo kuangalia si gharama."

"Si gharama kabisa."

"Mwandishi, andika."

Mwandishi wa kumbukumbu akaandika. Alikuwa mama wa watoto wawili waliokuwa muda huo huo kwa jirani yake, na ujira wa jirani walikuwa wameafikiana mlangoni, mmoja akiwa na ufunguo mkononi na mwenzake na ndoo. Hakuulizwa. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kinachotokea na saa kilipotokea. Posho hakupewa, kwa kuwa anayeandika, kwa tafsiri ya Idara, hajahudhuria kikao bali yuko kazini.

Kikao cha pili kilishughulikia usingizi. Tufani alilala kwa saa mbili kila mchana, na swali lilikuwa zito: je, yaya alipwe kwa saa hizo?

"Haiwezekani," alisema Mwanasheria. "Hiyo itakuwa kulipia usingizi wa mtu wa tatu."

"Lakini anakuwepo," Mkurugenzi alisema, maana alikuwa mtu wa haki.

"Hata kabati lipo, Mheshimiwa."

Wakacheka. Mwandishi akaandika: wajumbe walicheka, saa tano na dakika tano.

Kikao cha tatu kilikuwa cha nyimbo. Ilibainika kwamba yaya humwimbia mtoto, na kuimba ni burudani, na burudani iko chini ya wizara nyingine. Kikao cha nne kilikuwa cha kicheko. Mchumi alileta hoja ambayo baadaye ilimpatia sifa hadi ghorofa ya sita: kwamba mtoto humpenda yaya, humkimbilia, humkumbatia, na kwamba mapenzi hayo yana thamani. Mtu anayepokea mapenzi kazini tayari amelipwa sehemu. Aliyaita mafao yasiyo ya fedha. Mkurugenzi alisimama akampa mkono, na keki ya pili ikakatwa.

Nyumbani mkewe aliuliza kila Ijumaa, "Umesema kiasi gani?" na kila Ijumaa akajibiwa kwamba mambo yanakwenda vizuri. Dada mwenyewe hakuuliza tena. Alikuwa amesema mara moja, kwa adabu, na aliona inatosha. Alihesabu tu siku zilizobaki za mwezi, kwa sababu mwenye nyumba wake naye alikuwa akizihesabu.

Wiki ya tatu Kamati ilifanya ziara ya kujionea. Wajumbe, na Mwandishi nyuma yao, walifika na magari mawili, fomu za rangi tatu na saa ya kupimia wakimbiaji. Dada alifungua mlango akiwa na Tufani kiunoni.

"Karibuni. Viatu viacheni juu ya hiyo rafu. Huyu akiokota kitu haulizi, anatia mdomoni."

"Dada yangu," Mchumi alisema kwa upole wa kitaalamu, "sisi ni watafiti. Usibadilishe chochote. Fanya kama vile hatupo."

"Sawa. Ila mmekalia nepi zake."

Wakainuka, zikatolewa, wakakaa tena. Mchumi akabonyeza saa. Kwa muda wa saa tatu kamili aliandika kwa bidii kila alichokiona, na leo mtu akitaka anaweza kuisoma taarifa ile. Saa nne na dakika kumi na mbili, mhusika alisogeza kiti mbele ya soketi ya umeme, sababu haijulikani. Saa nne na nusu, alihamisha kikombe cha chai ya mjumbe kutoka ukingoni mwa meza, sababu, usafi. Saa tano kasoro kumi, mhusika alikaa chini dakika arobaini akiwa na bakuli na kijiko, mapumziko. Mara saba, mhusika alicheka. Dakika za kilio cha mtoto: hakuna. Dakika za hatari: hakuna. Kazi iliyoonekana: hakuna.

"Mtoto wako mpole sana, Mheshimiwa," alinong'ona Mwanasheria.

"Ni damu," alisema Mkurugenzi.

Kisha ukafika wakati wa dodoso, na dada aliombwa kujibu kwa maandishi. Alimtazama kila mjumbe, akachagua mwenye mapaja mapana, akampakatisha Mwanasheria mtoto, akachukua kalamu.

"Kazi yako hasa ni nini?" Mchumi alimsomea.

"Namwangalia mtoto."

"Unamwangalia tu?"

"Wewe acha kumwangalia, ndo utaijua kazi yenyewe."

Mchumi akaandika: anaangalia tu.

Wakati huo Tufani alikuwa amemchunguza Mwanasheria na hakupendezwa naye. Akapasua yowe. Miwani ikaruka, fomu za kijani zikachanika, tai ya Mchumi, aliyekimbilia kusaidia, ikaingia kwenye bakuli la uji. Mkurugenzi alimnyooshea mwanawe mikono kwa mara ya kwanza mwezi ule, na mwanawe akazidisha sauti. Hali hiyo ilidumu dakika nne. Dada alimaliza kuandika sentensi yake, akaweka nukta, akamchukua mtoto, na kabla Mchumi hajaiona saa yake ilipoangukia, nyumba ilikuwa kimya.

"Umefanyaje?" Mwandishi alimuuliza pembeni, kwa sauti ya chini.

"Soksi ya kushoto. Ilikuwa inambana toka nampa uji, nikasema ngoja niivue nikimaliza na hawa wageni."

Jambo hili halikuingia kwenye hesabu. Wajumbe walikubaliana kwamba kilio kile kilisababishwa na Kamati yenyewe, hivyo kilikuwa msukosuko wa kitaasisi, na yaya hawezi kulipwa kwa kutuliza taasisi.

Katika kikao cha tisa Kikokotoo kilikamilika. Kilikuwa kirefu, lakini kiini chake hata mtoto angekielewa, isipokuwa yule aliyehusika. Mtumishi hulipwa kwa dakika za msukosuko alizozituliza tu. Kutoka hapo hukatwa muda aliokaa kitako, vinywaji na vyakula alivyotumia akiwa kazini, na furaha, kwa kiwango cha mia tatu kwa kila kicheko. Mchumi akaingiza takwimu za dada. Akabonyeza. Akakunja uso, akabonyeza tena.

"Mheshimiwa, inatoka hasi."

"Maana yake?"

"Maana yake sisi hatumlipi. Yeye ndiye anatulipa. Elfu tisa na mia mbili kwa mwezi."

Mkurugenzi aliliangalia jibu lile. Miezi yote hiyo alikuwa akitoa elfu themanini kila mwisho wa mwezi, gizani, kama mtu asiyesoma.

Kikokotoo kikaandikwa kuwa Kanuni, zikapelekwa ghorofa ya sita kwa Katibu Mkuu, ambaye alizipenda, ila kwa jambo moja. Hakutaka ionekane kwamba serikali imejadili jiko la mtu mmoja. Mwanasheria alizichukua akazisafisha usiku na mchana: akafuta neno yaya, akafuta mtoto, akafuta nepi na uji, na mahali pake akaandika "mtumishi yeyote anayelipwa kwa kushinda mahali akisimamia mambo yasiyo yake". Ilikuwa lugha safi. Haikumtaja mtu. Mkurugenzi kwa mkono wake aliongeza kifungu cha mwisho, asije mtu akaiharibu kazi ile nzuri: kwamba Kanuni hazitabadilishwa ila kwa pendekezo la Kamati, wajumbe wote wakiwa wameketi kikaoni. Zingetumika kuanzia tarehe mosi ya mwezi huo huo. Katibu Mkuu akasaini Ijumaa ya mwisho, akapanda ndege kwenda kwenye mkutano.

Jioni hiyo Mkurugenzi alimwita dada sebuleni. Mkewe alikuwa bado hospitalini. Alisimama, kwa kuwa waraka rasmi husomwa kwa kusimama, akamsomea kurasa zote nne. Dada alisikiliza huku Tufani akivuta kifungo cha gauni lake.

"Kwa hiyo, baba," alisema alipomaliza, "ile laki?"

"Kitaalamu, wewe ndiye unayedaiwa. Elfu tisa na mia mbili."

"Mimi?"

"Lakini mimi ni mtu wa utu," Mkurugenzi alisema. "Nimeisamehe."

"Na mwezi huu niliofanya?"

"Kanuni zinaanza tarehe mosi iliyopita. Kwa mwezi huu hatudaiani."

Dada aliifikiria kodi ya chumba, Mkurugenzi akadhani anazifikiria Kanuni. Kisha akaibandua mikono ya mtoto kutoka kwenye kifungo, kidole kimoja kimoja, akamketisha zuliani, akachukua mkoba wake nyuma ya mlango.

"Haya baba. Kama hatudaiani, hatudaiani."

Akatoka kwa mlango wa mbele, viatu vyote viwili mguuni. Tufani aliutazama mlango ule ulipofungwa. Akamtazama baba yake. Akavuta pumzi ndefu.

Mama alirudi akakuta kilio kinasikika hadi kituoni. Aliambiwa yote, akausoma waraka, akaugeuza kuona kama nyuma kuna maneno ya maana. Hakugomba. Alisema tu, "Jumatatu niko zamu. Wodini kuna wanawake sita, na wale hawawezi kusubiri mchakato. Utakaa naye."

Jumatatu Mkurugenzi alikaa naye. Jumanne pia. Haitakuwa heshima kusimulia yote. Itoshe kusema kwamba soketi ilipatikana, kikombe kilifika ukingoni mwa meza na kuendelea na safari, na kiti hakikusogezwa. Kufikia Jumanne mchana Mkurugenzi alikuwa ameuvaa uji. Alikuwa na njaa, hajaenda haja tangu asubuhi kwa kuogopa kumwacha mtoto peke yake, na alikuwa akiimba. Alikuwa akiimba wimbo wa chuo chake, kwa kuwa hakuujua mwingine. Hakuna aliyekuwa karibu wa kumwambia avue soksi.

Jumatano ilikuwa siku ya mshahara. Simu yake ililia kuleta ujumbe wa benki, akausoma mara tatu, akambeba Tufani mgongoni hivyo hivyo akaenda ofisini.

Mhasibu wa Idara alikaa ghorofa ya chini kabisa, nyuma ya dirisha la nondo. Alikuwa mtu mkavu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amelipa kila kilichoandikwa na hakulipa hata senti ya kilichosemwa, na Mkurugenzi siku zote alimsifu kwa hilo.

"Kuna kosa," Mkurugenzi alisema, akipandisha sauti ili imshinde mwanawe. "Mshahara haujaingia. Na nadaiwa laki mbili na elfu kumi na moja!"

"Si kosa, Mheshimiwa. Ni Kikokotoo."

"Kikokotoo ni cha yaya!"

"Kinasema wapi?" Mhasibu alichukua Kanuni, akasoma kwa kidole. "'Mtumishi yeyote anayelipwa kwa kushinda mahali akisimamia mambo yasiyo yake.' Mimi nilipomaliza kusoma niliangalia orodha ya watumishi. Mheshimiwa, hiyo ni Idara nzima kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu."

"Lakini takwimu! Umepata wapi takwimu zangu?"

Mhasibu akavuta jalada nene. Zilikuwa kumbukumbu za vikao tisa, mwandiko wa Mwandishi, safi, kila jambo na saa yake. "Misukosuko iliyotulizwa: hakuna. Nimetafuta mpaka majalada ya zamani, nikasema labda kuna hata mmoja wa bahati mbaya. Hakuna. Kukaa kitako: saa thelathini na moja. Chai: vikombe hamsini na nne. Keki nimeziacha, sikuzimaliza kuzihesabu. Usingizi wa mjumbe: mara kumi na mbili. Na hii hapa, 'wajumbe walicheka', imeandikwa mara themanini na nane." Akamtazama juu ya miwani. "Kazi yenu ina furaha sana, Mheshimiwa."

"Nisamehe basi hilo deni! Kwa utu!"

Mhasibu alizipekua kurasa nne kwa uaminifu, mbele na nyuma. "Utu sijauona. Ungeandikwa ningeutekeleza."

Mkurugenzi alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, mtoto akimvuta masikio, akaitisha kikao cha dharura cha kubadili Kanuni. Mchumi alikuwa mezani kwake, tai mfukoni, akiikodolea macho karatasi yake ya mshahara.

"Nimepiga hesabu, Mheshimiwa," alisema bila kuinuka. "Kukaa saa mbili ni elfu kumi na moja kutoka mfukoni mwangu. Nikicheka hata kidogo, zaidi. Kikao siji."

"Ukija tutafuta Kikokotoo!"

"Na Mwanasheria asipokuja? Mimi nitakuwa nimekula hasara ya kiti changu bure."

Mwanasheria alipopigiwa simu alisema macho yake yako wazi kabisa safari hii, na kwamba kifungu cha mwisho kinataka wajumbe wote wawe wameketi. Angependa kuomba kuketi kwa masharti ya kutoketi. Mkurugenzi akakata. Akampigia Katibu Mkuu huko kwenye mkutano, na Katibu Mkuu akapokea kwa bashasha.

"Hongera sana! Habari zimenifikia. Mmeokoa nusu ya bajeti ya mishahara kwa mwezi mmoja. Hapa nimepongezwa mbele ya watu, nimeombwa nizieleze Kanuni kwa wengine. Wewe ni hazina ya taifa."

"Mheshimiwa, naomba uzifute."

"Nizifute? Wewe mwenyewe uliandika hazifutwi." Kulisikika makofi ya watu wengi. "Hizo kelele gani hapo? Kuna mtu analia?"

"Ni mtoto wangu."

"Huna yaya?" alisema Katibu Mkuu, akakata simu ili asikose picha ya pamoja.

Mkurugenzi alitembea kurudi nyumbani. Alipofika aliona nguo zikianikwa uani, akasikia mtu anaimba wimbo usio wa chuo. Dada alikuwa kwenye kamba, vibanio mdomoni. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, zamu ya mchana ikimsubiri.

"Nilikwenda mtaa wa juu asubuhi," alisema. "Nimemlipa mwezi wake alioufanya, na kuanzia sasa ni laki na ishirini. Tumemaliza kabla birika halijachemka."

"Laki na ishirini! Imetoka wapi?"

"Kwenye petroli ya gari lako. Si nasikia ukienda kazini ndo unadaiwa?"

Mkurugenzi alitaka kusema kwamba utaratibu haukufuatwa. Aliangalia pande zote kutafuta wa kumwambia. Tufani, alipomwona dada, alikuwa amenyamaza ghafla kama taa iliyozimwa, akimnyooshea mikono, na mgongo wa Mkurugenzi ulikuwa umelowa kwa jambo ambalo halikuwa jasho.

Dada akatoa vibanio mdomoni. Akamchukua mtoto, akamvua soksi, akamgeuza, akamfuta pua, akamrudisha mikononi mwa baba yake, safari hii kwa mkao mwingine, kichwa begani.

"Baba, mshike hivyo nimalize kuanika. Nusu saa tu."

Mkurugenzi akamshika. Mtoto hakulia. Aliutazama ule uzito mdogo uliotulia begani kwake, akaifikiria ile laki mbili na elfu kumi na moja, akaona nuru ndogo. Alijongea karibu na kamba, akashusha sauti ili mkewe asisikie.

"Dada," alisema. "Hii nusu saa. Ni kiasi gani?"

Dada alimwangalia kwa muda, akidhani ni utani. Alipoona si utani, akamwonea huruma, ya kweli, kama anavyomwonea mtu aliyefikia umri ule bila kuambiwa.

"Baba, wewe ndiye baba yake. Hiyo hailipwi."

Akachukua shuka nyingine kwenye beseni.